Mpira wa Lenzi na Jembe la Babu

Mtaa wa Mirongo,
S.L.P. 1186,
Mwanza.

2 Julai, 1995.

Mpendwa Baba Mdogo Masele,

Shikamoo. Marahaba yako itachelewa njiani, lakini mimi naihesabu kuwa nimeshaipokea. Habari za Francistown, na habari za wanafunzi wako? Na kile kifua kilichokusumbua mwezi wa tano, kimepona? Uliandika kwamba msimu huu huko baridi inagandisha maji kwenye ndoo. Nilipomsomea Mama sehemu hiyo aliniambia nirudie, kwa sababu alidhani nimesoma vibaya. Sasa kila asubuhi akichota maji anasema, "Shemeji yangu huko anavunja maji kwa nyundo." Tafadhali vaa sweta, hata ndani ya nyumba.

Sisi huku tu wazima. Mama anashona barazani kama kawaida, ingawa wateja wamepungua kwa sababu ya nguo za mitumba. Siku hizi analetewa zaidi za kupunguza kuliko za kushona. Baba tangu wapunguzwe kazi kiwandani anakwenda Ukerewe kununua dagaa, na akirudi nyumba nzima inanukia ziwa. Mdogo wangu Chenge ameng'oka meno ya mbele na anapiga mluzi kupitia pengo hilo mpaka majirani wanalalamika.

Mimi niko kidato cha tatu na masomo yanaendelea vizuri. Kwenye ripoti mwalimu wa darasa ameandika, "Ana bidii, lakini hasikiki." Baba aliisoma akacheka, kisha akaniangalia, akaacha kucheka. Ni kweli, Baba Mdogo. Mbele ya watu maneno yangu yanajificha. Kwenye karatasi yanatoka bila shida, ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu. Uivumilie.

Kitabu cha fizikia ulichonitumia kilifika salama. Nimekifunika kwa gazeti na hakuna anayeruhusiwa kukishika akiwa anakula.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Barua yako ya mwezi wa nne niliipeleka Kisesa kwa Babu, nikamsomea nje ya nyumba akiwa anachonga mpini wa jembe. Nilisoma vizuri mpaka nikafika mahali ulipoandika, "Mwambieni Mzee Nkwabi aache kurusha jembe ngomani. Mwaka jana lilimponyoka mbele ya watu. Mwaka huu litamwangukia kichwani, nami niko mbali." Nilitaka kuiruka sentensi hiyo, lakini mdomo ulikuwa umeshaianza.

Babu akaacha kuchonga. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Nani alimwambia liliponyoka?"

Nikasema nafikiri ni Baba, kwenye barua ya mwaka jana.

"Picha nayo alipelekewa?"

Nikasema ndiyo, alipelekewa. Unaikumbuka picha hiyo, Baba Mdogo. Baba aliipiga kwa kamera yako uliyotuachia, na ndani yake Babu ni kama moshi uliovaa kaptula. Jembe halionekani kabisa.

"Kwa hiyo," akasema Babu, "la kuanguka ameambiwa, na la kurusha hajaliona." Akafuta visu vyake kwa muda mrefu. "Mpini wa mwaka jana ulikuwa mbichi. Mwaka huu nacheza. Likiniponyoka tena, nitaliweka darini na sitabisha. Nikilidaka, Masele alione kwa macho yake, asiambiwe na mtu. Wewe Teodora ndiye utakayepiga."

Nikasema, "Mimi, Babu?"

"Kwani hapa yuko Teodora mwingine?"

Baba angekuwa Ukerewe sikukuu ya Bulabo itakapofika, hivyo hapakuwa na wa kumsukumia. Nikarudi Mirongo na neno hilo.

Kamera ilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wake wa ngozi. Nilipoifungua nikaelewa kwa nini Babu alitoka moshi. Ile pete ya mbele ya lenzi, ambayo ukiizungusha ndiyo inayoondoa ukungu, ilikuwa haina mpira. Panya walikuwa wameutafuna wote. Ilibaki chuma tupu, laini kama kijiko, na madoa ya gundi. Nikajaribu kuizungusha, vidole vikateleza. Nikafuta mikono kwenye sketi nikajaribu tena, ikasogea kidogo, ikakwama, kisha ikaruka kupita mahali nilipotaka. Nikawaza kama hivi ndivyo ilivyo nikiwa nimekaa barazani kwetu kivulini, itakuwaje Kisesa kwenye jua, na vumbi, na jasho, na watu wananitazama?

Nikaenda kwenye maduka ya picha mjini kuulizia mpira wa lenzi. Siku hizi liko hata duka lenye mashine, unapeleka filamu asubuhi na jioni unachukua picha za rangi. Kijana wa pale akaipindua kamera yako kama mtu anayekagua papai. "Dada, hii ni ya enzi za wakoloni. Nunua mpya, ziko zinazojilenga zenyewe." Nilitaka kumwambia kwamba ni kamera nzuri ya Kijapani na imepiga harusi ya wazazi wangu. Nikasema, "Asante."

Basi nikaamua kutengeneza mwenyewe. Nilianza kwa kosa ambalo nadhani Msukuma yeyote angelifanya. Unajua sisi kila kitu tunakifunga kwa mpira wa baiskeli: gunia kwenye keria, mlango wa banda la kuku, hata miwani ya Babu. Nikachukua ukanda mrefu wa tyubu, nikauzungusha kwenye lenzi nikiuvuta kwa nguvu zote, raundi juu ya raundi, nikauchomeka mwisho wake chini, kama anavyofunga mtu anayekwenda mnadani na kuku. Ulishika barabara. Nilijivuna nusu saa nzima.

Kisha nikagundua kwamba nimezifunga pete mbili pamoja. Nikizungusha ya mbele ili kuondoa ukungu, na ile ya nyuma ya kuingiza mwanga inazunguka nayo. Picha ikija kuwa safi inakuwa na giza, na ikiwa na mwanga inakuwa na ukungu. Mama akaniambia, "Umefunga mzigo, mwanangu. Hicho si mzigo, ni kitu cha kugeuka." Nikafungua yote.

Nikajaribu tena kwa kukata kipande cha tyubu kwa upana, kiwe kama bangili, kisiwe na fundo. Cha baiskeli kilikuwa kidogo mno. Nilikivuta mpaka kikapasuka na kunichapa kwenye pua. Katekista wetu, Bwana Alexander, ana pikipiki ya parokia, akanipa tyubu yake iliyojaa viraka. Nikakata bangili pana kama vidole viwili, nikaipaka maji ya sabuni, nikaisukuma polepole. Ikaingia, ikakaa mahali pake na kubana kama ngozi. Pete ya mbele ikazunguka peke yake. Ya nyuma ikatulia.

Lakini mpira huo ulikuwa laini, bado ungeteleza kwa jasho. Mama akanyoosha mkono. Akauvua, akauweka chini ya taa, akaushona kwa uzi mweupe mnene, mistari midogo ya kupanda na kushuka, kuzunguka wote, ili vidole vipate pa kushika. Hakutumia cherehani, alitumia sindano ya mkono na ile subana, kikofia cha kidoleni anachosukumia sindano kwenye ngozi. Tulipourudisha, ulikuwa mzuri kuliko nilivyotegemea kitu chochote cha kwetu kuwa. Mweusi, na meno meupe pande zote. Nakueleza habari ya uzi huo mweupe kwa sababu ndio uliotuletea balaa baadaye.

Kesho yake asubuhi nikaenda kuujaribu ziwani, pale karibu na kivuko cha Kamanga, mahali yalipo mawe makubwa ndani ya maji. Sikuweka filamu. Nilitaka kuchungulia tu.

Baba Mdogo, sijui nikuelezeje. Mwanzoni niliona kijani kisichokuwa na mwisho, ambacho ni magugumaji, na juu yake kitu cheupe na kitu cheusi vimechanganyika kama rangi zilizomwagika. Nikazungusha. Uzi wa Mama ukashika vidole vyangu. Ukungu ukaanza kukusanyika, kama vile dunia ilikuwa imetawanyika na sasa inaitwa nyumbani. Kwanza jiwe likapata ukingo. Kisha juu ya jiwe akatokea ndege, mnandi aliyetandaza mabawa yake kuyakausha. Kisha kwenye ncha ya bawa nikaona tone la maji. Tone moja! Lilining'inia, likawa na jua ndani yake, likadondoka.

Kitabu chako kinasema mwanga hupinda unapopita kwenye kioo. Nilikuwa nimeikariri sentensi hiyo kwa ajili ya mtihani na niliipata. Lakini nilipokuwa nimesimama pale nikaona kwamba sikuwa nimeijua. Yule ndege alikuwa pale siku zote, na tone lake, na mimi nimepita njia hiyo tangu utoto nikienda kuchota maji na kufua, na sijawahi kuliona. Nilisimama mpaka mkono ukafa ganzi. Wavuvi walidhani nimepotelewa na kitu. Mmoja akaniuliza, "Binti, unatafuta nini?" Nikashindwa kumjibu, kwa sababu nilikuwa nimekipata.

Sasa Kisesa. Mama alifunga duka lake la baraza, tukapanda gari Buzuruga asubuhi na mapema, mimi nimeikumbatia kamera kama mtoto mchanga. Wewe unaijua Bulabo kuliko mimi, lakini nakueleza nilivyoiona, maana Babu anasema hujaiona tangu mimi ningali mgongoni. Mavumbi yalikuwa mpaka juu ya miti. Upande mmoja wa uwanja Wagalu, kikundi cha Babu, na majembe yao yamesuguliwa hadi yanang'aa. Upande wa pili Wagika, na kiongozi wao ni yule yule Mzee Ngosha, mpinzani wa Babu wa siku zote, mrefu, amevaa manyoya kichwani na miwani ya jua ya mitumba.

Nilikuwa nimesikia, lakini sikuwahi kuona kwa macho jinsi mshindi anavyopatikana. Ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakwenda wanakovutwa. Upande utakaojaza watu wengi ndio umeshinda. Hakuna alama za ubaoni. Umati wenyewe ndio hukumu. Unaenda huku na kurudi huku kama maji kwenye karai.

Kabla ya kuanza Mzee Ngosha akapaza sauti kuvuka uwanja: "Nkwabi! Nasikia jembe lako linajua njia moja tu, ya kwenda chini!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Babu akamjibu, "Na wewe miwani hiyo umevaa ya nini? Unaogopa kuniona?"

"Nimevaa nisiumwe macho na aibu yako!"

Ngoma zikaanza. Mimi nikasogea karibu na Wagalu, nikasimama mahali Babu alipokuwa amenionyesha, nikaanza kuzungusha lenzi. Na hapo nikafanya jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo. Watu waliponiona na kamera, na tena msichana, wakaanza kuja. "Picha! Picha! Nitoe na mimi!" Walitoka upande wa Wagika kwa makundi, wakijipanga mbele yangu, wengine wakichana nywele. Nikawa nawaambia sipigi, lakini unaijua sauti yangu. Umati wote ukamwagika upande wa Babu, na si kwa sababu ya majembe. Ni kwa sababu yangu.

Ngoma ya Wagika ikanyamaza. Mzee Ngosha akaja anatembea katikati ya uwanja na waamuzi nyuma yake. Akanyoosha fimbo, si kwangu, bali kwenye lenzi.

"Hicho cheusi ni nini?"

Nikaikumbatia kamera.

"Nauliza, hicho cheusi kilichoshonwa uzi mweupe, mlichokivisha jicho la hiyo mashine, ni nini? Mimi si mtoto. Hiyo ni samba. Ni dawa ya kuvuta watu! Nkwabi ameona mkono umechoka, ameificha dawa kwa mjukuu!"

Watu waliokuwa wananisukuma wakaruka nyuma wote kwa pamoja. Ghafla nilikuwa nimesimama peke yangu kwenye duara tupu. Babu akapiga kelele kwamba ni uongo, Mzee Ngosha akapiga kelele zaidi, waamuzi wakawa wanaulizana. Mmoja akasema, "Basi kivuliwe. Kikivuliwa yamekwisha." Mama alikuwa anasukuma watu anifikie, nikamsikia akisema, "Ni uzi wangu huo! Wa kushonea magodoro!" Hakuna aliyemsikiliza.

Niliwaza, nikiuvua nitateleza, na Babu atatoka moshi tena. Babu alikuwa ananitazama. Alikuwa ameshika jembe lake kwa mikono miwili kama mtu anayelishikilia lisichukuliwe, na nikajua anawaza juu ya dari.

Nilitaka kueleza, Baba Mdogo. Nilikuwa na maelezo yote kichwani, yamepangwa vizuri kama insha. Lakini hayakutoka. Kwa hiyo nikafanya jambo pekee nililoliweza. Nilimwendea Mzee Ngosha, nikapiga magoti kidogo kama ipasavyo, nikamnyooshea kamera kwa mikono miwili.

Akarudi nyuma. "Sishiki dawa ya mwenzangu."

Mama mmoja mwimbaji wa Wagika, mnene, mwenye njuga miguuni, akacheka. "Ngosha! Unacheza na chatu shingoni, unaogopa tyubu ya pikipiki? Lete mimi." Lakini Mzee hakukubali kushindwa na mwanamke mbele ya umati. Akavua miwani yake, akaikunja, akaipachika kwenye manyoya, akaichukua kamera.

"Nifanyeje?"

Nikamwonyesha. Nikachukua vidole vyake, ambavyo vilikuwa vigumu kama mizizi, nikaviweka juu ya uzi wa Mama. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Zungusha polepole, Babu." Sijui kama alinisikia au alihisi tu. Akaelekeza upande wa Wagalu. Akazungusha.

Akafumba jicho moja. Kisha akasema, "Hii!" Akaishusha, akatazama kwa macho yake, akaipandisha tena. Akazungusha mbele, akazungusha nyuma. "Anakwenda. Anarudi. Anakwenda... anarudi." Watu wakaanza kusogea tena kidogo kidogo. Nikaona kinywa chake kimekuwa wazi kama cha Chenge, na nikajua anakiona kile kile nilichokiona mimi ziwani, ukungu ukikusanyika na kuwa mtu.

Kisha akatulia kabisa. Nikatazama alikoelekeza. Babu yangu alikuwa ameinama kufunga njuga iliyolegea mguuni. Aliinama kwa taabu, mkono mmoja umeshika goti, na baada ya kufunga akakaa vile vile kidogo akivuta pumzi kabla ya kunyooka. Alidhani hakuna anayemwona.

Mzee Ngosha akashusha kamera. Akasema taratibu, mimi peke yangu nikasikia, "Kumbe Nkwabi amezeeka." Akanirudishia kwa mikono miwili, kama nilivyompa.

Halafu akawageukia waamuzi kwa sauti yake ya kawaida. "Ni mpira tu! Mpira na uzi! Ila binti huyu atasimama katikati, si upande wao. Na sisi atupige." Watu wakashangilia. Alipokuwa anapita akaniambia bila kunitazama, "Mpige huyo mzee. Mpige vizuri."

Nikasimama katikati. Mikono ilikuwa imelowa jasho kama nilivyoogopa. Filamu niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Ngoma ya Wagalu ikaanza, na Wagika walichelewa kuanza yao. Mama anasema ngozi za ngoma zilikuwa zimepoa, ilibidi ziote moto kwanza. Inawezekana. Sikuona moto wowote.

Babu akaingia. Sijui kama ni yule aliyekuwa ameinama. Mgongo ulinyooka, jembe likawa linazunguka bega hadi bega, kiunoni, shingoni, kama lina akili yake. Nilimfuata kwa lenzi, anakuja nazungusha, anarudi nazungusha, na uzi wa Mama haukuniachia hata mara moja. Nilimwona kila mkunjo wa uso. Nilimwona akinitafuta kwa macho, akaniona, akarusha.

Lilikwenda juu sana. Watu wote wakainua nyuso. Mimi sikuinua, nilibaki na Babu ndani ya kidirisha changu, mikono yake imefunguka juu, nikazungusha kidogo tu, kidogo mno, mpaka kope zake zikaonekana. Nikabonyeza.

Hapa kuna jambo ambalo lazima nikuambie kwa uaminifu. Kamera hii, dakika ile ile inapopiga, inafumba jicho. Ndani panakuwa giza mpaka usogeze filamu. Unajua hilo, lakini mimi nilikuwa nimelisahau. Kwa hiyo mimi niliyekuwa karibu kuliko wote ndiye pekee ambaye sikuona. Nilikuwa gizani, na katika giza hilo nikasikia uwanja mzima ukinyamaza, hata ngoma. Nikasubiri mlio wa chuma kwenye udongo.

Haukuja. Ukaja mlio mwingine, mdogo, wa mbao kwenye kiganja. Kisha Kisesa nzima ikapiga kelele.

Nilipoishusha kamera Babu alikuwa anacheza, na jembe liko mkononi mwake.

Wagika walishinda siku hiyo. Walipoanza kupiga walipiga kwa hasira, na yule mama mwenye njuga aliimba wimbo wa kutucheka juu ya tyubu ya pikipiki, umati wote ukamfuata. Babu aliuimba naye. Jioni yeye na Mzee Ngosha walikaa kwenye benchi moja refu, wakinywa na kutukanana, na Mzee akaniagiza picha yake nisiisahau, na apigwe akiwa na miwani.

Nakutumia picha hiyo ndani ya bahasha hii, nimeiweka katikati ya karatasi ngumu isikunjike. Itazame polepole. Utaona kope za Babu. Utaona uzi uliokatika kwenye ukosi wa shati lake. Utaona mikono iliyofunguka. Jembe liko juu kabisa kwenye kona, nusu yake iko nje ya picha, kwa sababu sikuweza kuwachukua wote wawili, nikamchagua yeye. Nisamehe kwa hilo kama nilikosea.

Wanakusalimu Mama na Baba. Chenge anakusalimu kwa mluzi. Bwana Alexander, katekista, anauliza kama Waafrika wa huko wanaimba vizuri kanisani. Mzee Ngosha anasema wewe ulikuwa mchezaji mzuri kuliko baba yako, lakini nisimwambie Babu. Wasalimu wote unaokaa nao vizuri.

Mungu akufunike msimu huu wa baridi, akulinde njia zote unazopita, na akuongezee pumzi kifuani.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda kwa sauti ndogo,

Teodora Shimba.

Nyongeza: Nilikuwa sijafunga bahasha, Babu akafika hapa Mirongo kuiona picha kabla haijaondoka. Aliishika karibu na dirisha kwa muda mrefu sana. Kisha akaniuliza, "Na jembe?" Nikamwonyesha lilipo, kwenye kona. Akasema, "Huku juu linaonekana linakwenda tu. Masele atajuaje?"

Nikamwambia nimeshakueleza yote kwenye barua. Akafikiri. Akasema, "Hapana, andika na langu, mwisho kabisa, asilikose. Mwambie lilirudi."

Nikamuuliza kama niongeze lolote. Akasema hapana, hilo linatosha, wewe utaelewa. Akavaa kofia yake akatoka, na nimeandika kama alivyosema.